Je, Wajua? Darubini Iliyodondosha Picha kwa Parachuti

Julai 2020, kampuni za Loon na Telkom Kenya zilianza kurusha intaneti kutoka kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 angani, yakihudumia hata Kisii na Narok. Mradi ulifungwa 2021.

Kwa puto lenye darubini, kutuma data ni kibarua kigumu zaidi, kwani picha zake ni nzito. Darubini ya SuperBIT, iliyopaa Wanaka, New Zealand, Aprili 2023 kwa puto la NASA, ilitegemea setilaiti za Starlink hadi mawasiliano yalipokatika Mei. Wahandisi walikuwa wamejihami: vifurushi viwili vyenye nakala za data vilidondoshwa Argentina kwa parachuti. Darubini iliharibika ikitua, picha zikapona. Kando ya kifurushi kimoja (usicheke) palikuwa na nyayo za puma.