Utangulizi: Robo Saa ya Gatini

Mtoto wa Lamu hukutana na injini akiwa majini. Mwenzake wa Nakuru au Dodoma huanza na matatu, daladala au pikipiki ya mjomba. Sisi tulianza na kishindo cha boti inayotia gati kutoka Mokowe, moshi wake wa buluu ukitambaa juu ya maji. Vichochoro vya mji wetu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, havikuacha nafasi ya gari kupita. Hata sasa, bodaboda zinapoanza kunyemelea pembezoni, mzigo bado ni wa punda na safari bado ni ya chombo. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uzito katika elimu inayofuata: injini haikutujia kama jamaa ya gari. Ilitujia kama jamaa ya tanga, na anayetaka kuijua vizuri inampasa aipokee hivyo.

Karibu, basi, katika elimu ya mashini ya boti: namna ya kuiendesha bila kumuumiza mtu, na namna ya kuitunza isife kabla ya siku zake. Nazungumzia ile inayofungwa nje, juu ya tezi, yenye kichwa kilichovikwa kofia, mguu mrefu ulioshuka majini na rafadha chini kabisa. Huko bara ina ndugu yake, mashini ya kukatia nyasi inayopandwa kama punda, ile ya viwanja vya gofu. Fundi akizitazama zote mbili ataona mambo yaleyale: injini ndogo ya petroli, chuma kinachozunguka karibu na miguu ya watu, na mwendeshaji aliyekaa kitako kwa utulivu unaodanganya. Tofauti yao ni chumvi. Nyasi hazili chuma.

Historia yake si ndefu. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuuza mashini yake mwaka 1909 huko Milwaukee. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia siku ya joto, alipopiga makasia ziwani kumfuatia mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka kabla hajarudi. Yamaha wa Japani waliingia mwaka 1960. Leo nahodha wetu hana haja hata ya kutamka jina la kampuni. Mwulize ana mashini gani, atakujibu “kumi na tano” au “arobaini”, akikusudia nguvu za farasi, na wewe unatakiwa uelewe.

Lakini kabla ya hayo yote, visiwa hivi vilikuwa na elimu kamili ya matunzo. Mafundi wa Matondoni walijua kwamba chombo hakiuawi na dhoruba peke yake. Hufa kidogo kidogo kwa wadudu watoboao mbao, kwa jua, kwa mshono ulioachia. Ndiyo sababu ya kalafati ya pamba kwenye mishono, deheni ya shahamu na chokaa sehemu ya chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya mbao. Hakuna aliyezihesabu kazi hizo kuwa nyongeza ya safari.

Dai langu ni moja, na msomaji ana ruhusa ya kulipinga: mashini haifi baharini, hufa gatini. Huko nje huzimika tu, na watu wakadhani ndipo ilipougua. Kwa kweli iliugua katika ile robo saa ambayo safari imekwisha, samaki wameshushwa, abiria wamelipa, na kila mtu anataka kwenda nyumbani akale.

Tazama linalotokea. Injini hii hupozwa kwa maji ya bahari yaleyale inamopita. Pampu yenye mapezi ya mpira, impela, huyavuta, yakazunguka ndani ya chuma, yakatoka. Ukiizima, yaliyosalia hukauka kwa joto na kuacha chumvi katika njia nyembamba. Kwa siku moja huoni kitu. Baada ya miezi njia zimeziba kama mdomo wa birika la zamani. Dawa yake ni pipa la maji matamu: rafadha ivuliwe kwanza, mguu utumbukizwe mpaka maji yapite juu ya matundu ya kuvutia, gia iwe huru, kisha mashini iungurume taratibu kwa dakika kama kumi, mahali pa wazi ambapo moshi hausongi mtu.

Hapa vitabu vya watengenezaji havikuandikwa kwa ajili yetu. Vinasema isuuzwe kwa maji safi kana kwamba bomba liko ukutani kila mahali. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, nayo yana kikomo. Kule Kizingitini na Ndau watu wametegemea majabia, yale matangi makubwa ya kukingia mvua. Kumwaga pipa zima kwa ajili ya chuma, na jirani amepanga foleni na ndoo, ni jambo la aibu. Ninachopendekeza ni maji ya pipa moja yasuuze mashini mbili tatu, yakiachwa yapoe katikati, kisha yabadilishwe. Yatakuwa na chumvi kidogo, kweli. Lakini chumvi kidogo si bahari, na kanuni inayowezekana ina faida kuliko ile iliyo kamili isiyofuatwa na mtu.

Alama ya kwanza ya afya ni mchirizi mwembamba wa maji unaotoka kando ya kichwa. Ni mkojo wa mashini, na sioni neno lililo bora zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2017, nilipanda boti kutoka Mtangawanda kuja Lamu. Nahodha wetu alikuwa msimulizi hodari, ametugeukia sisi na kuipa mashini kisogo. Mfuko ulinasa kwenye matundu, mchirizi ukakatika, na hakuna aliyetambua mpaka harufu ya rangi inayoungua ilipotufikia. Tulipiga makafi hadi mikono ikatoa malengelenge. Tangu siku hiyo nikisafiri huwa nimegeuka nyuma, na watu hunidhania nina huzuni ya kuaga.

Petroli inataka adabu yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi. Hushuka na kutafuta pale kila kitu kinaposhukia, ngamani. Boti inaweza kung'aa juu, chini imelaza moto. Ndiyo sababu tangi la kubebeka hujazwa nchi kavu, mbali na sigara, na ngama hunuswa kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia. Mashini za mipigo miwili hula petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi 50 kwa 1, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20, ingawa kipimo cha mashini yako ndicho kilichoandikwa katika kitabu chake. Wapo wanaozidisha oili wakidhani ni huruma. Plagi huchafuka na moshi ukaongezeka. Wapo wanaopunguza ili waokoe shilingi, na hao ndio wanunuzi wa pistoni.

Oili ya gia, kule chini ya mguu, nayo husema. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na kipande cha zinki kilichofungwa mguuni kipo ili kiliwe na chumvi badala ya chuma chenyewe. Kikibaki nusu, kibadilishwe, na kisipakwe rangi kamwe.

Sasa rafadha. Mashini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na gia ikaupunguza mzunguko huo kwa nusu, rafadha huzunguka mara 25 kwa sekunde. Ikiwa na mapanga matatu, mguu wa mtoto aliyeruka kutoka ukuta wa gati utapitiwa mara 75 kabla hujasema “zima”. Kuweka gia huru hakutoshi pale watoto wanapooga, izimwe kabisa. Na ile kamba nyekundu ya usalama, inayofungwa mkononi mwa nahodha ili akianguka mashini izimike, nimeiona mara nyingi ikining'inia kwenye mashini yenyewe kama hirizi. Boti iliyopoteza mshika kana aghalabu haiendi mbali. Hujizungusha, na katika kuzunguka huko humrudia aliyeanguka.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, hudai makoti ya kuokolea, na ni haki. Lakini hakuna mkaguzi atakayekusomea maji ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambamo maji yakipwa chombo hukwaruza tope na mashini ikameza mchanga. Bamvua na maji mafu hayakufutwa na petroli. Kusi vilevile: zamani ilifunga safari nyingi, na siku hizi mtu mwenye mashini mbili za arobaini nyuma hujiona amekwisha pewa kibali. Upondo, kafi, nanga na tanga dogo vikae chomboni.

Ukitaka kuanza, usianze kwa kufungua kofia. Nenda gatini jioni, boti za Matondoni na Mokowe zinapotia. Usimtazame anayewasili kwa mbwembwe. Mtafute yule anayebaki nyuma wenzake wakishaondoka, ameinua mguu wa mashini, anatoa uzi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya rafadha. Msalimie, na umwombe umshikie taa.