Awamu ya Wimbi na Irabu za Kikipsigis: Ujifunzaji wa Uundaji wa Sauti kwa Sinthesaiza

Neno awamu limeingia katika Kiswahili cha kila siku kwa mlango wa siasa. Msikilizaji wa redio alisikiapo hukumbuka serikali ya awamu ya kwanza au ya pili, ama barabara inayojengwa kipande baada ya kipande. Katika taaluma ya mawimbi neno hilo lina kazi nyingine: kutaja mahali ambapo wimbi limefika katika mzunguko wake kwa wakati fulani. Maana hizi mbili ni ndugu lakini si pacha, kwani awamu ya serikali ikipita hairudi, ilhali awamu ya wimbi hurudi pale pale mara mia au mara elfu katika sekunde moja. Mfano ulio karibu zaidi ni mwezi. Husemwa mwezi mchanga na mwezi mpevu, na kila mtu huelewa kwamba unaotajwa ni mwezi ule ule ukiwa katika hatua mbalimbali za mwendo wake, na kwamba hatua hizo zitarudi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sauti inavyoundwa kwa kutumia awamu, katika sinthesaiza za dijitali na za analogi, na jinsi elimu hiyo inavyoweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa Sigor. Sigor inayokusudiwa ni ile ya Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, wala si ile ya Pokot Magharibi. Mwanafunzi wa huko husema Kikipsigis nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni na pamoja na wageni, na fizikia huisoma kwa Kiingereza. Kinanda cha umeme si kigeni kwake, maana hukisikia kanisani na kwenye nyimbo za vijana. Lakini kinanda hicho huja na sauti zilizokwisha kupikwa kiwandani, naye hufundishwa kuchagua tu. Hoja ya makala haya ni kwamba mlango bora wa kumwingiza katika kuunda sauti ni irabu za lugha yake mwenyewe, kwa sababu hapo sikio lake linajua zaidi kuliko kitabu chochote.

Kwanza yafaa kueleza kazi ya mashine. Sinthesaiza ya dijitali huhesabu awamu kama mshale wa saa unavyozunguka. Tuseme mashine hutoa namba 44,100 kwa sekunde, na sauti inayotakiwa ina mizunguko 441 kwa sekunde. Basi kila mzunguko una hatua 100, na katika kila hatua mshale husogea nyuzi 3.6. Ukimaliza nyuzi 360 huanza tena sifuri. Mashine huangalia mshale ulipo, hutafuta katika jedwali kimo cha wimbi mahali hapo, kisha hukipeleka kwenye spika. Mshale ukisogea kwa hatua kubwa zaidi, sauti hupanda; kwa hatua ndogo zaidi, hushuka. Hivyo idadi ya mizunguko kwa sekunde si kitu kingine ila mwendo wa awamu. Mwanafunzi akilishika jambo hili amekwisha kuvuka sehemu ngumu kuliko zote.

Hapa huzuka swali ambalo wanafonetiki wamelijadili tangu karne ya 19. Georg Ohm mwaka 1843, na baada yake Hermann von Helmholtz katika kitabu chake cha mwaka 1863, walishikilia kwamba sikio hutambua nguvu ya kila harmoniki katika sauti, lakini halijali harmoniki hizo zimeanza katika awamu gani. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba sikio si kiziwi kabisa kwa awamu, hata hivyo kanuni hiyo kwa jumla imesimama. Ikiwa awamu haisikiki, mtu atajengaje sauti kwa awamu? Jibu ni kwamba kisichosikika ni awamu iliyotulia. Mshale ukikimbizwa na kucheleweshwa ndani ya mzunguko mmoja, umbo la wimbi hubadilika, harmoniki mpya huzaliwa, na hizo sikio huzisikia waziwazi.

Njia za kuutikisa mshale ni nyingi, nazo mbili zimepata sifa. Ya kwanza ilivumbuliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967 na kuchapishwa mwaka 1973. Wimbi moja hutumiwa kulitikisa jingine. Lile linalosikika huweza kuitwa wimbi mbebaji, na lile linalotikisa, wimbi tikisi. Yakiwa na mizunguko sawa, harmoniki zote hujitokeza. Wimbi tikisi likiwa na mizunguko maradufu ya mbebaji, hubaki harmoniki witiri tu. Uwiano usipokuwa wa namba kamili, sauti hulia kama kengele. Yamaha waliitumia njia hii katika DX7 ya mwaka 1983, yenye mawimbi sita kwa kila sauti na mipango 32 ya kuyaunganisha. Watu huijua mashine hiyo kwa jina la FM, yaani ubadilishaji wa idadi ya mizunguko, lakini ndani yake kinachoongezwa na kupunguzwa ni awamu. Kwa mawimbi sahili hesabu hizo mbili huishia karibu mahali pamoja, na huenda ndiyo sababu jina lisilo sahihi sana limedumu.

Njia ya pili ni ya Casio, katika vinanda vya CZ vilivyoanza na CZ-101 mwaka 1984. Humo hakuna wimbi la pili la kutikisa. Mshale wenyewe huamriwa ukimbie katika sehemu ya kwanza ya mzunguko na utembee polepole katika sehemu iliyobaki, ilimradi umalize kwa muda ule ule. Kwa kuwa muda wa mzunguko haukubadilika, kimo cha sauti hubaki. Kwa kuwa mwendo wa ndani umepindishwa, rangi ya sauti hubadilika. Ni kama mtu anayefika sokoni saa ile ile kila siku, leo akitembea sawasawa, kesho akikimbia nusu ya njia na kujikokota nusu nyingine.

Katika vinanda hivyo vya CZ kuna maumbo matatu yanayostahili kuchunguzwa zaidi na mwanaisimu. Ndani ya kila mzunguko mkubwa huwekwa wimbi dogo linalozunguka mara kadhaa kwa haraka, likififia kadiri mzunguko mkubwa unavyoelekea mwisho, kisha likianza upya mzunguko mkubwa unapoanza upya. Matokeo yake ni kilele cha nguvu karibu na mizunguko ya wimbi dogo. Kilele cha namna hiyo katika fonetiki huitwa formanti, na formanti ndizo zinazotofautisha irabu.

Wala hii si sadfa. Mtu anapotamka irabu, nyuzi za sauti hufungamana na kufunguka mara mia na zaidi kwa sekunde. Kila zinapofungamana, hewa ya koo na kinywa hugutuka, hulia kwa mlio wake yenyewe, hufifia, kisha hugutushwa tena. Wimbi dogo linaloanzishwa upya ni picha ya mlio huo. Xavier Rodet na wenzake katika taasisi ya IRCAM mjini Paris walijenga juu ya wazo la aina hii programu ya kuimba iitwayo CHANT. Chowning naye, katika utunzi wake Phoné wa mwaka 1981, alitoa sauti za waimbaji kwa mawimbi ya kubeba na kutikisa, akaonyesha kwamba mlundikano wa mawimbi husikika kama koo la mtu pale tu yote yanapotetemeshwa kidogo kwa pamoja.

Lakini kinanda cha CZ kina kasoro ambayo kwa mpiga muziki ni ndogo na kwa mwanaisimu ni kubwa. Wimbi lake dogo huhesabiwa kwa uwiano na mzunguko mkubwa. Tuseme limepangwa liende mara nne. Sauti ikiwa ya mizunguko 120, formanti itakuwa kwenye 480, mahali pa irabu ya kati kama e au o. Sauti ikipanda hadi 160, formanti nayo itapanda hadi 640, yaani irabu inaelekea a. Kinywa cha binadamu hakifanyi hivyo. Sauti hupanda na kushuka kwa kazi ya nyuzi za sauti, na irabu hubaki ilipo kwa sababu kinywa hakikubadili umbo. Kinanda hicho kinaweza kuamriwa kupunguza mapindisho kadiri noti zinavyopanda, lakini hilo ni kiraka.

Katika Kiswahili, kisicho na toni, kasoro hii ingeharibu kiimbo tu. Katika Kikipsigis huharibu sarufi. Lugha hii, kama lugha nyingine za Kikalenjin, huanza sentensi kwa kitenzi, na nomino iliyo kiima hutofautishwa na iliyo yambwa kwa toni. Toni za lugha hii zina mambo mengi ambayo bado yanachunguzwa. Uchambuzi mmoja, wa Kouneli na Nie, ulichapishwa katika jarida la Language mwaka 2021. Mashine inayobadilisha irabu kila toni inapobadilika humfanya msikilizaji asijue ni neno gani limetajwa, wala nani amemtenda nani.

Kuna na la pili. Alfabeti ya Kikipsigis ina herufi tano za irabu, lakini irabu zenyewe wanaisimu wengi huzihesabu kuwa kumi, kila moja ikiwa fupi au ndefu. Tano hutamkwa shina la ulimi likiwa limesogezwa mbele na koo kupanuka, na tano bila kusogezwa. A. N. Tucker aliliandikia jambo hili makala mwaka 1964, naye Taaitta Toweett, mwenyeji wa nchi hiyo aliyekuwa pia waziri wa elimu wa Kenya, alitoa kitabu juu ya isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni mzizi wa kufunga na mzizi wa kuona: vyote viwili huandikwa kwa herufi e, lakini wa pili una irabu ndefu yenye shina la ulimi lililosogezwa mbele, na nguvu yake huenea hadi kwenye viambishi vya neno zima. Kiakustika, alama kuu ya kusogezwa huko ni kushuka kwa formanti ya kwanza.

Zoezi la kwanza, basi, laweza kuwa hili. Mwanafunzi hutengeneza e yenye formanti ya kwanza kwenye 500 hivi, huiacha ya pili palepale, kisha huishusha ya kwanza polepole hadi karibu 400. Tarakimu hizi ni za kuanzia tu, kwa sauti ya mwanamume mzima. Hakimu ni sikio. Msemaji wa Kikipsigis atasema mahali hasa ambapo irabu moja imegeuka kuwa nyingine. Mwalimu asiyeisema lugha hiyo, hata akiwa bingwa wa umeme, atasikia tu kwamba sauti imefifia kidogo. Ni nadra mwanafunzi wa kijijini kupata somo la ufundi ambamo yeye ndiye mwenye kipimo.

Je, zoezi hili lifanywe kwa mashine gani? Sinthesaiza ya analogi, ya ukoo ulioanzishwa na Robert Moog mwaka 1964, haina mshale wa kuhesabu. Humo volteji hupanda na kuanguka, na joto la chumba laweza kuibadili. Lakini ina fadhila moja: chujio lake laweza kukatwa kutoka kwenye volteji ya kinanda, hivyo formanti ikabaki mahali pamoja noti zinapopanda. Chujio moja hutoa formanti moja. Kwa irabu inayotambulika vizuri yatakiwa machujio mawili yaliyowekwa sambamba. Aidha, mashine nyingi za analogi zenye osileta mbili zina swichi ya kuifanya ya kwanza iirudishe ya pili kwenye sifuri kila inapoanza mzunguko mpya. Osileta ya pili ikiachwa bila kufuata kinanda, kilele chake hakihami. Hii ni kazi ile ile ya awamu, imefanywa kwa nyaya. Ukali wake hutokana na kwamba wimbi la pili hukatwa ghafla badala ya kufifia.

Katika kompyuta ya kawaida kazi hii ni rahisi zaidi. Programu ya Pure Data, ambayo Miller Puckette aliianza katika miaka ya 1990 na hutolewa bila malipo, ina kifaa kiitwacho phasor, ambacho si kingine ila ule mshale wa saa. Mwanafunzi huweka mmoja kwa toni na mwingine kwa formanti, huamuru wa kwanza umrudishe wa pili sifuri, huufifisha wa pili kabla mzunguko haujaisha, na sasa toni na irabu ziko mbalimbali mikononi mwake. Akizidisha hao wa pili wawe wawili, ana formanti mbili.

Baada ya irabu, muziki hauko mbali. Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi hiyo hiyo ya Wakipsigis, mwaka 1950, nyimbo zilizojulikana duniani kwa jina la Chemirocha, zikisindikizwa na kinubi kiitwacho chepkong. Uzi unapodonolewa, sauti huanza na harmoniki nyingi, na zile za juu hufa kwanza. Kwa mawimbi ya Chowning jambo hilo hupatikana kwa kupunguza mtikiso haraka kuliko sauti yenyewe inavyopungua. Hapa pia anayeujua mlio wa chepkong ana mbele kuliko mwenye kitabu cha maelekezo.

Linabaki suala la maandishi. Mashine inayosoma Kikipsigis kutoka kwenye herufi za kawaida haina mahali pa kupatia toni wala shina la ulimi, kwa sababu mwandishi hakuviandika. Msomaji hodari hukisia kutokana na muktadha. Mshale wa awamu haukisii. Kwa hiyo daftari la mwanafunzi wa Sigor litahitaji mistari mitatu kwa kila neno: herufi kama zinavyoandikwa shuleni, chini yake kimo cha toni kwa kila silabi, na chini yake alama ya kuonyesha iwapo shina la ulimi limesogezwa au la. Mstari wa tatu wahitaji alama moja tu kwa maneno mengi, maana mvutano wa irabu hulishika neno zima. Mstari wa pili ndio utakaomchukua muda.