Foleni ya Gari Ambalo Halijaundwa

Mwezi Agosti 2012 kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha Shreveport, jimbo la Louisiana, na mji ukabaki na jengo kubwa tupu na watu wengi wasio na kazi. Miezi michache baadaye, Januari 2013, mhandisi aitwaye Paul Elio alileta habari njema. Kampuni yake ingeunda humo gari dogo la matairi matatu, mawili mbele na moja nyuma, lenye viti viwili, abiria akikaa mgongoni mwa dereva kama kwenye pikipiki. Kwenye barabara kuu lingekwenda kilomita zipatazo 35 kwa lita moja ya petroli. Lingeuzwa dola 6,800. Kiwanda kingeajiri watu 1,500.

Kilichowavuta watu ni bei. Wakati huo gari jipya la bei nafuu kabisa Marekani lilikaribia dola 12,000, na wafanyakazi wengi wa nchi hiyo huendesha peke yao kwenda kazini, viti vingine vikiwa vitupu. Elio aliwaambia: baki na gari la familia, nunua na hili la kazini, mafuta utakayookoa yatalilipia. Ili kuingia kwenye foleni ulitoa dola 100, 250, 500 au 1,000. Ukikubali kwamba fedha hizo hazirudishwi, ulipangwa mbele ya wenzako na ukaahidiwa nyongeza ya nusu ya ulichotoa, itakayopunguzwa kwenye bei siku ya kununua. Uzalishaji uliahidiwa kuanza 2014, ukasogezwa 2015, kisha 2016, na kuendelea hivyo. Kufikia 2017 foleni ilikuwa na oda zipatazo 65,000, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amekabidhiwa funguo.

Watu hao 65,000 ndio ninaotaka tuwaangalie, kuliko hata mhandisi mwenyewe. Vitabu vingi vya biashara husimulia kampuni changa kwa macho ya mwanzilishi: ndoto yake, usiku wake wa kukosa usingizi, kuanguka kwake, kuinuka kwake. Mteja hutajwa kama namba. Lakini mtu anayetanguliza fedha kwa gari ambalo halijaundwa ameikopesha kampuni, bila riba, bila dhamana, na kwa kawaida bila mtu yeyote kumweleza kwamba sasa yeye ni mkopeshaji.

Tuanze na matairi yenyewe. Kwa nini matatu? Kuna sababu za ufundi: gari huwa jepesi, na umbo linalochongoka nyuma hupasua hewa vizuri zaidi. Sababu kubwa, hata hivyo, iko kwenye sheria. Kanuni za shirikisho la Marekani zinaita pikipiki chombo chochote chenye injini na kiti, kilichoundwa kutembea kwa magurudumu yasiyozidi matatu. Kwa hiyo gari lenye paa, milango na usukani likiwa na matairi matatu huhesabiwa pikipiki, na haliwajibiki kutimiza viwango vya usalama vya magari ya abiria, pamoja na majaribio ya kugongesha na mifuko ya hewa. Kwa kampuni yenye mtaji mdogo huo ni unafuu mkubwa. Uingereza walilijua jambo hili zamani: kampuni ya Reliant, ya mji wa Tamworth, iliuza magari ya matairi matatu kwa miongo mingi kwa sababu yalitozwa kodi ndogo na mwenye leseni ya pikipiki aliruhusiwa kuyaendesha.

Unafuu huo una upande wake mwingine. Gari likiwa pikipiki kisheria, baadhi ya majimbo yalitaka dereva awe na leseni ya pikipiki, au avae helmeti ndani ya gari lililofungwa, na Elio alilazimika kwenda jimbo kwa jimbo kuomba sheria zibadilishwe. Kampuni ya Aptera ya California ilipata kisa kizito zaidi. Iliomba mkopo wa serikali uliotengwa kwa magari yanayotumia nishati kidogo, ikajibiwa kwamba chombo chake cha matairi matatu si gari. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2009, lakini mkopo haukufika, na Desemba 2011 Aptera ikafunga milango. Elio naye aliomba mkopo kutoka mfuko huohuo. Hakuupata.

Sheria inaweza kukusamehe majaribio ya kugongesha. Haiwezi kukusamehe gharama ya kiwanda, na hapo ndipo kampuni hizi hukwama. Gari moja la mfano linaweza kuundwa kwa mikono na mafundi wachache katika karakana. Kuunda la elfu kumi, likiwa sawa na la kwanza, kunahitaji kalibu za kila kipande cha bodi, mashine za kukandamiza bati, roboti za kuchomelea, injini iliyopimwa moshi na kuidhinishwa, na wauzaji wa vipuri ambao hawatakata hata bolti kabla hawajaona fedha. Gharama zote hizo hulipwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Ukizigawa kwa magari elfu mbili, kila gari linabeba mzigo wa kutisha. Ukizigawa kwa laki mbili, mzigo unakuwa mwepesi. Dola 6,800 za Elio zilitokana na hesabu ya namna hiyo: kiwanda kilikusudiwa kufikia magari 250,000 kwa mwaka. Kufikia 2016 kampuni yenyewe ilikadiria kuwa inahitaji zaidi ya dola milioni 300 ili kuanza kuzalisha.

Basi tazama mzunguko ulivyo. Bei ya chini inadai wingi. Wingi unadai mtaji. Mwenye mtaji mkubwa, akitazama kampuni isiyowahi kuuza gari, anauliza: una wateja? Na jibu la kampuni ni foleni ya oda. Kwa hiyo oda ilikuwa na kazi nyingine mbali na kumhifadhia mtu nafasi. Ilikuwa ushahidi wa kuwaonyesha wenye fedha. Wakati huohuo fedha zilizoambatana nayo zililipa mishahara, wahandisi, na safari za kuyazungusha magari ya mfano nchini ili kupata oda zaidi.

Mapema mwaka 2016 Elio iliuza hisa kwa watu wa kawaida kupitia intaneti, kwa dola 12 kila moja, ikakusanya karibu dola milioni 17. Wengi wa walionunua walikuwa tayari kwenye foleni. Mwisho wa mwaka huohuo taarifa ya fedha ya kampuni ilionyesha akiba iliyozidi kidogo dola 120,000, kiasi ambacho hakiendeshi hata karakana ya wastani kwa muda mrefu. Na nyuma ya akiba hiyo kulikuwa na wadai walioshika mitambo kama dhamana. Sheria ya ufilisi ya Marekani huwapa wateja waliotanguliza fedha kipaumbele kidogo, hadi kiwango fulani, lakini hutanguliza wadai wenye dhamana. Kama kinachobaki ni mashine, na mashine zina mwenyewe, mteja hana cha kugawiwa.

Msomaji anaweza kudhani nazungumzia utapeli. Utapeli upo katika historia hii. Mwaka 1947 Gary Davis, huko California, alianza kuonyesha gari lake la matairi matatu ambalo watu wanne walikaa bega kwa bega kwenye kiti kimoja, akakusanya dola milioni 1.2 kutoka kwa waliotaka kuwa mawakala, akaunda magari yasiyozidi ishirini, na akaishia kutiwa hatiani kwa wizi. Miaka ya 1970 likaja Dale, nalo la matairi matatu, nalo likaishia mahakamani. Lakini kampuni za karne hii, nyingi, ziliendeshwa na watu walioamini walichosema, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mwizi unaweza kumshtaki. Mhandisi mkweli aliyetumia amana yako kulipia kalibu ambayo haikumalizika hana cha kukurudishia, hata akitaka.

Sasa wako wateja walioyapata magari yao. Kampuni ya Arcimoto, ya Eugene, Oregon, ilitoa gari la umeme la matairi matatu lililo wazi pembeni. Bei iliyoahidiwa ilikuwa dola 11,900. Lilipoanza kuuzwa mwaka 2019 lilikuwa dola 19,900, na hata kwa bei hiyo kampuni ilikuwa ikipata hasara, kwa sababu ileile ya wingi. Januari 2023 uzalishaji ulisimama kwa kukosa fedha. Mwaka 2024 hisa zake ziliondolewa kwenye soko la Nasdaq. Mwenye gari alibaki nalo, na gari la umeme ambalo mtengenezaji wake amenyamaza ni mali ngumu kutunza. Betri yake, kompyuta yake ndogo na programu inayoviunganisha havipatikani dukani, na fundi wa jirani hana njia ya kuingia ndani ya programu hiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana kipimo chake hapa. Bajaji iliyopata ajali asubuhi Temeke inaweza kurudi barabarani siku ileile, kwa sababu vipuri vyake vimejaa Kariakoo, vya kiwandani na vya kuiga, na kila mtaa una fundi aliyeifungua injini ile mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Bajaj Auto ya India haikuanza kwa kubuni chombo kipya. Ilianza kwa leseni ya Piaggio ya Italia, iliyokuwa ikiunda vyombo vya matairi matatu tangu 1948, na leo huzalisha mamia ya maelfu kwa mwaka. Mnunuzi wake hatafuti starehe ya kwenda kazini. Chombo ndicho kazi, na kila jioni kina hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Mtu wa namna hiyo hawezi kusubiri foleni miaka saba, wala kumiliki kitu kisicho na vipuri hata wiki moja. Kampuni za Marekani zilimuuzia mtu mwenye gari jingine nyumbani, anayeweza kungoja, na uvumilivu wake ukawa mtaji wao.

Kuna kisa kimoja kilichoisha tofauti. ElectraMeccanica, kampuni ya Vancouver, Kanada, ilikuwa na gari la umeme la kiti kimoja liitwalo Solo, lililoundwa China na Zongshen na kuuzwa Marekani kwa dola 18,500. Wateja wa Marekani walianza kukabidhiwa mwaka 2021. Kisha magari yakaanza kuzimika nguvu yakiwa mwendoni, na wahandisi hawakuipata sababu. Februari 2023 kampuni ilitangaza kuyanunua tena magari yote 429 iliyokuwa imeyauza. Wateja walirudishiwa fedha zao na magari yakapelekwa kuvunjwavunjwa. Iliwezekana kwa sababu moja tu: kampuni ilikuwa bado na zaidi ya dola milioni 100 benki. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na kampuni ya malori ya umeme, Xos.

Aptera ya kwanza nayo, kabla ya kufunga mwaka 2011, ilirudisha amana za wateja. Naamini hilo lilichangia jambo lililofuata: waanzilishi Steve Fambro na Chris Anthony walipoifufua mwaka 2019, na gari lililofunikwa paneli za jua, watu walijitokeza tena na oda zikapita 40,000, kila moja kwa dola 100 zinazorudishwa. Gari liliahidiwa kwa 2021. Mwaka huo ukapita. Mwaka 2023 Aptera ikafungua mlango mwingine: anayenunua hisa za dola 10,000 au zaidi angepata nafasi kati ya magari 2,000 ya kwanza. Angalau hapo mteja aliambiwa wazi kwamba anachofanya ni kuwekeza, na akapewa karatasi inayoeleza hatari zake. Kwangu hiyo ni hatua mbele, ingawa inawafaa wenye dola 10,000 za kupoteza.

Kwa wenye dola 100 au 1,000 nadhani Louisiana ilionyesha njia, japo kwa kuchelewa. Mwaka 2017 tume ya jimbo inayosimamia biashara ya magari iliitoza Elio faini ya dola 545,000 kwa kuendesha biashara hiyo bila leseni, ikataka amana zinazorudishwa ziwekwe kwenye akaunti ya dhamana ambayo kampuni haiwezi kuigusa. Ningependa sheria hiyo iwe kila mahali, na ifunike pia zile amana zinazoitwa zisizorudishwa. Najua gharama yake. Bila fedha za foleni, kampuni kama Elio ingekufa mapema zaidi, labda kabla ya gari la pili la mfano, na huenda siku moja tukapoteza hivyo chombo ambacho kingefaulu kweli. Mhandisi mwenye wazo zuri angelazimika kwenda kwa wakopeshaji wanaojijua kuwa wakopeshaji, wenye wanasheria na uwezo wa kusoma taarifa ya fedha, na wengi wao wangemkatalia. Kati ya kukataliwa huko na akiba ya mtu anayetafuta gari la bei nafuu la kumfikisha kazini, nachagua kukataliwa.