Sura ya Nne: Gari Linalochemsha

Fundi mzuri akiletewa gari linalochemsha, kabla hajashika spana anauliza: linachemshia wapi? Swali hilo unaweza kujiuliza mwenyewe, hapo uani kwako Chamazi au Bunju, na jibu lake huokoa fedha nyingi.

Tuseme gari limetulia kabisa ukiwa umechanganya Barabara ya Bagamoyo, lakini ukikwama kwenye foleni ya Mbagala joto linapanda. Mshukiwa wa kwanza ni feni. Gari likikimbia, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta na kupooza maji. Likisimama, kazi yote inaangukia feni. Magari madogo mengi ya sasa yana feni ya umeme, na kuijaribu ni rahisi. Fungua boneti, washa injini, mwombe mtu awashe AC. Kwa kawaida feni itazunguka muda si mrefu. Ikinyamaza, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Ikizunguka kwa AC lakini ikagoma gari likipata moto, fuatilia sensa ya joto. Mikono iwe mbali, maana feni hii haipigi hodi.

Likichemsha hata kwenye mwendo, usihangaike na feni. Ama maji yamepungua, ama rejeta imeziba, ama pampu imechoka, ama themostati imegoma kufunguka.

Hii themostati imeonewa sana mjini kwetu. Ni kilango kidogo kinachofunguka maji yakifika nyuzi joto 80 hivi. Mafundi wengi wa mtaani huing'oa na kuitupa, eti Dar ina joto la kutosha. Hoja hiyo haina mguu. Kilango hakikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kimewekwa ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Kikiondolewa, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta inaendelea kuiongezea mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Mwenye gari anaishia kulalamikia bei ya petroli. Themostati ikiharibika, nunua nyingine.

Jambo la pili ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kila asubuhi. Chumvi hula alumini, na injini ya Toyota IST ya kwanza ni ya alumini, hedi na bloku. Weka kulanti.

Maji yakipungua, yatafute yanakokwenda. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini ulale. Tone safi upande wa abiria huwa ni la AC, liache. Tone la rangi, au doa lililokaukia kwenye mpira wa rejeta au kando ya pampu, ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

Boksi likiwa kavu na maji bado yanapungua, shughuli ipo. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa, kisha tazama pale mdomoni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea kupanda bila kukoma, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: gasketi ya hedi imeungua. Chomoa na kijiti cha oili; oili iliyopauka kama chai ya maziwa imeingiwa na maji. Lakini kifuniko kisiguswe gari likiwa la moto. Maji yaliyobanwa mle huvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyafungulia yanachemka papo hapo, usoni mwako.

Wenye Vitz na Passo wawe macho zaidi, kwa kuwa nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari, basi. Nyekundu ikiwaka, paki pembeni na uzime, hata kama kwako ni mtaa wa pili.

Na ukishayaona yale mapovu, usiliendeshe gari hata hadi gereji; mwite fundi nyumbani. Ukiendelea kutembea na dumu la maji kwenye buti, hedi itapinda, na safari inayofuata itakuwa ya Ilala, kuulizia injini ya mtumba.