Bolti za Ndoano za Kukokotea Magari na Trela

Waraka huu wawahusu wenye matrekta, magari ya mizigo na trela katika kisiwa cha Unguja. Inafaa wajue kwamba ndoano ya kukokotea haizidi nguvu bolti iliyoishika. Wakati wa masika, gari likizama katika mabonde ya mpunga ya Cheju au Bumbwisudi, watu hutazama kamba, hutazama trekta, wala hapana atazamaye bolti. Nayo ikikatika, ndoano huruka pamoja na kamba kwa nguvu iwezayo kumwua mtu aliyesimama mbali.

Tazama kwanza kichwa cha bolti. Bolti njema imepigwa chapa, kama 4.6, 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza yaonyesha nguvu ya chuma: 4 ni nyutoni 400 kwa kila milimita mraba, na 8 ni 800. Bolti ya milimita 12 yenye chapa 4.6 hukatika ikivutwa kwa kadiri ya tani 3 na nusu, ya 8.8, kwa unene ule ule, yapata tani 7. Lakini bolti nyingi za ndoano hazivutwi kwa urefu wake, bali hukatwa ubavuni kama muwa, na hapo nguvu yake hushuka hata kama sehemu 6 katika 10. Basi ile dhaifu hubakiwa na tani 2 tu. Gari la tani 2 lililozama hadi ekseli laweza kutaka nguvu yote hiyo kabla halijatikisika, na ukilivuta kwa kishindo nguvu huzidi sana. Bolti isiyo na chapa yo yote iwekee mlango wa banda.

Wakaao Paje na Jambiani, ambao magari yao hupakia mwani na kurukiwa na maji ya chumvi, hupenda bolti za chuma kisichoshika kutu. Sababu yao ni njema, lakini bolti hiyo, yenye chapa A2-70 au A4-70, huanza kunyumbuka kwa nyutoni 450, hali ya 8.8 hustahimili hata 640. Afadhali 8.8 iliyopakwa zinki, ikafunguliwa kila mwaka na kutazamwa, kwa kuwa kutu hula sehemu iliyo ndani ya tundu, macho yasipofika. Wala usikimbilie 12.9 kwa kudhani kuwa iliyo ngumu kupita zote ndiyo bora. Chuma kigumu mno, penye chumvi, huweza kupasuka ghafula kama kigae.

Magari mengi ya Unguja yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Bolti zake za milimita 12 aghalabu zina hesi za karibu karibu, hatua ya milimita 1.25, na zile za madukani mara nyingi ni za 1.75. Ukilazimisha nati kwa spana, hesi huharibika. Chukua bolti ya zamani uendapo dukani, ukaijaribu nati kwa vidole. Tena vile vipete vilivyo chini ya gari, vingi viliwekwa vya kulifunga melini lisisogee, si vya kulikwamulia. Tazama kitabu cha gari uone pa kufungia kamba. Hata mpira wa kukokotea trela haufai kazi hiyo: huko Australia mipira iliyokatika imepata kuua watu.

Katika kufunga, bolti ya 8.8 itiwe nati yenye chapa 8 na washa nene, na bamba la chuma nyuma ya fremu ikiwa fremu ni nyembamba. Sehemu isiyo na hesi ndiyo ikae pale vyuma viwili vinapokutana. Usiichomelee, maana moto huondoa nguvu iliyotiwa kiwandani. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Kipimo kisipopatikana, bolti ya milimita 12 ya 8.8 yenye hesi za kawaida yataka kadiri ya nyutonimita 80. Iliyorefuka au kupinda itupe.

Siku ya kuvuta, watazamaji, hasa watoto, wasimame mbali kupita urefu wa kamba, wala mtu asiivuke kamba iliyokwisha kazwa.