Ujira wa Waongozaji Ndege: Kazi Moja, Mishahara Mbalimbali

Abiria aondokaye Unguja kwenda Pemba humwona rubani akipanda, tena katika ndege zetu hizi ndogo huweza hata kuketi nyuma yake na kumtazama akishika usukani. Asiyemwona ni yule aliyeko juu mnarani, ambaye bila ya idhini yake magurudumu hayaachi ardhi. Kazi ya mtu huyo ni moja duniani kote. Kanuni zake zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na leseni yake hufuata masharti yaliyotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kosa lake nalo lina uzito ule ule popote alipo. Lakini ujira wake, baina ya nchi na nchi, ni mbingu na ardhi.

Na tutazame kwanza Marekani, ambako hesabu huwekwa wazi kwa kila mtu. Mwezi wa Mei 2024 mshahara wa kati wa waongozaji ndege wa huko ulikuwa dola 144,580 kwa mwaka. Maana yake, nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Vituo vyao vimepangwa kwa ngazi, kuanzia ya 4 hadi ya 12, kwa kupima wingi wa ndege na ugumu wa anga. Mnara wa Atlanta na ule wa O'Hare mjini Chicago imo katika ngazi ya juu kabisa, na kiwanja cha mji mdogo kimo chini. Juu ya mshahara huongezwa fedha kwa kadiri ya mahali pa kazi. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mtu hupaswa kuajiriwa kabla hajatimiza miaka 31, na afikapo 56 hana budi kuondoka mnarani. Ni mshahara mkubwa wa kazi fupi.

Wasidhani wasomaji kwamba huko mambo hayo yamekwenda kwa salama. Tarehe 3 Agosti 1981, waongozaji wapatao 13,000 waligoma wakidai nyongeza ya dola 10,000 kwa mwaka na wiki ya kazi ya saa 32. Rais Reagan aliwapa saa 48 warudi kazini. Zaidi ya 11,000 hawakurudi, wakafukuzwa, na mlango wa kurejea katika kazi hiyo ukafungwa mpaka mwaka 1993. Serikali ilishinda, lakini ilibidi itumie miaka mingi kufundisha watu wapya, kwani mwongozaji hapatikani sokoni kama kibarua wa bandarini.

Hispania ilikuwa kinyume chake. Kufikia mwaka 2010, kwa sababu ya saa nyingi za ziada, waongozaji wa huko walikuwa wakipata kwa wastani euro zaidi ya 300,000 kwa mwaka. Serikali ilipopunguza malipo hayo, wengi wao waliacha kazi ghafla tarehe 3 Desemba, anga ikafungwa, na kesho yake ikatangazwa hali ya hatari na jeshi likapewa madaraka juu ya minara. Sisi hatuoni fahari katika mishahara ya namna ile. Saa za ziada zikiwa ndizo zinazomtajirisha mtu, ni dalili kwamba watu hawatoshi.

Na upungufu wa watu ndio jambo la kuogopwa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, mwongozaji mmoja mjini Zürich alikuwa akihudumia meza mbili peke yake, mwenziwe akiwa mapumzikoni. Ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71.

Barani kwetu, Afrika Mashariki iliwahi kuwa na idara moja ya usafiri wa anga chini ya Jumuiya, na shule iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1954 ikifundisha vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na minara yake na daftari lake la mishahara. Ndugu zetu wa Komoro wao wamo katika ASECNA, shirika linaloongoza ndege katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa. Hata hivyo umoja huo haukuzuia manung'uniko: mwezi wa Septemba 2022 waongozaji wa shirika hilo waligoma kwa sababu ya hali za kazi na maendeleo ya vyeo vyao, na safari nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati zikakwama.

Kwetu visiwani, usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Anayeongoza ndege Unguja na Pemba ni mtumishi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, hali kiwanja chenyewe kimo mikononi mwa mamlaka ya Zanzibar. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wamo watumishi wa waajiri wawili, na si ajabu wakilinganisha bahasha zao mwisho wa mwezi.

Wako wanaosema tuige ngazi za Kimarekani: ndege nyingi, mshahara mkubwa. Katika nchi yenye barabara kila upande hoja hiyo ina nguvu. Kwa Pemba tunaiona ina kasoro. Ndege zake ni chache, lakini mgonjwa anayekimbizwa hospitali wakati bahari imechafuka hana njia nyingine. Kituo kidogo kikimpoteza mtu mmoja tu kwa ugonjwa au kwa uhamisho, zamu nzima huyumba, na mwenye leseni aonaye kwamba kisiwani atalipwa kidogo ataomba Dar es Salaam. Akishafika Dar es Salaam hayuko mbali na Ghuba, ambako waongozaji huajiriwa kutoka mataifa mengi na mishahara haikatwi kodi ya mapato.

Wakubwa wa hazina watauliza fedha zitoke wapi. Swali ni la haki, ila jibu lake halimo katika kodi ya mkulima wa karafuu. Kila ndege kubwa ipitayo katika anga yetu, hata isipotua, hutozwa ada ya kuongozwa, na msimamo wa ICAO ni kwamba ada hizo zitokane na gharama halisi za huduma. Mshahara wa mwongozaji ni sehemu ya gharama hizo. Basi na ichapishwe hadharani, kituo kwa kituo, idadi ya waongozaji wanaohitajika na idadi ya waliopo, pamoja na ngazi zao za mishahara, tukianza na Chake Chake.