Mwanao ameambiwa aandike kuhusu mkorosho? Usimwandikie

Jioni imeingia. Mtoto wa darasa la tatu anafungua daftari na kumwambia mama yake kwamba mwalimu anataka waandike habari za mkorosho, na kazi inakusanywa kesho asubuhi. Mama yuko jikoni. Kaka aliye kidato cha pili anaitwa asaidie, naye hana muda wa kupoteza: “Mkorosho ni mti wa biashara. Mkorosho una faida nyingi. Mkorosho hutuletea fedha.” Mdogo mtu ananakili, tiki itapatikana, wote wanakula na kulala.

Hayo hutokea katika nyumba nyingi, lakini kwa mtoto wa Nachingwea au Ruangwa hasara yake ni kubwa zaidi. Huenda mchana ule ule alikuwa shambani. Ameng’atwa na maji moto, ameona mabibo mekundu na ya njano juu ya miti iliyo jirani, amekatazwa na bibi yake kupasua korosho mbichi kwa meno. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia kwenye daftari.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka uzito kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika umri huo kuandika ni zaidi mwandiko, imla na sentensi fupi. Akifika darasa la tatu anakutana na masomo kama sayansi, ambako anatakiwa aeleze jambo lilivyo kwa mtu asiyelijua. Hiyo ndiyo taarifa. Hadithi anaweza kuibuni kichwani, taarifa lazima aitafute.

Aseme kwanza

Kazi inakuwa nyepesi mtoto akijua anamwandikia nani. “Andika kuhusu mkorosho” ni maneno makavu. Mwambie amwandikie binamu yake wa Mwanza, ambaye korosho ameiona kwenye pakiti tu, tena imeshakaangwa. Binamu huyo atauliza: inaota wapi? Ni tunda au ni mbegu? Mbona ganda halipo?

Kabla ya kushika penseli, mwache aseme. Katika wilaya hizi mbili nyumba nyingi zina Kimwera, Kiyao, Kimakua au Kimakonde pamoja na Kiswahili, na mtoto anaweza kujua jambo vizuri kwa lugha ya bibi huku Kiswahili chake kikikwama. Aseme kwa lugha inayomtoka. Maneno ya Kiswahili yatafutwe baadaye, mkiwa wawili. Akiandika “kolosho”, usimkatize katikati ya wazo, tahajia mtaisahihisha mwishoni. Mtoto anayekatizwa kila neno huishia kuandika maneno matatu tu anayoyajua kwa uhakika.

Anayeona ugumu wa kuandika na aanze kwa kuchora. Achore tawi, kisha aandike jina la kila sehemu pembeni ya mchoro. Hapo ndipo maswali mazuri huzaliwa. Je, bibo hutangulia au korosho? Watu wazima wengi watajibu bibo, kwa kuwa ndilo kubwa. Mtoto akifuatilia tawi moja kuanzia kwenye ua ataona korosho ya kijani ikitangulia kukua, na kikonyo chake kikivimba baadaye mpaka kuwa bibo. Amelipata kwa macho yake, na sentensi yake itakuwa ya kweli kuliko ya kaka wa kidato cha pili.

Hata maji moto wana nafasi. Mtoto ataandika kwamba wanauma, na ni kweli. Muulize kwa nini basi baadhi ya wakulima hawawaui. Wataalamu wa korosho wanawahesabu kuwa walinzi, kwa kuwa huwinda wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho. Na lile katazo la bibi lina sababu: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi.

Babu anasema

Si kila jambo linaonekana kwa macho. Mtoto wa Nachingwea akipewa kazi ya kuandika kuhusu mji wake atamwendea babu, na babu atamsimulia Waingereza waliokuja na matrekta kulima karanga. Kumbukumbu ya babu ni mali, ila mwaka anaweza kuukosea. Mpango ule ulianza mwaka 1947, ukasitishwa mwaka 1951, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, baadaye ikafungwa na kung’olewa.

Mfundishe mtoto kutenganisha. Alichokiona aandike “niliona”. Alichosimuliwa aandike “babu anasema”. Alichokisoma ataje kitabu. Ni jambo dogo, na watu wazima wanaosambaza habari kwenye makundi ya simu wangefaa kulijaribu.

Ruangwa nako watoto wanasikia kila siku habari za madini ya kinywe. Ukimuuliza mtoto kinywe ni nini, huenda akanyoosha kidole kuelekea mgodini. Mwambie atazame mkononi mwake. Ule weusi wa penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo, japo tumezoea kuiita kalamu ya risasi. Kuanzia hapo hahitaji kusukumwa.

Daftari la msimu

Kuna taarifa nyingine ambayo haina maksi, nayo pengine ndiyo inayoigusa familia zaidi. Msimu wa korosho ukifika, mzigo unapelekwa kwenye chama cha msingi, unapimwa, mkulima anapewa risiti, kisha korosho zinaingia ghalani kusubiri mnada kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo huja baadaye. Katikati hapo karatasi hupotea, hulowa mvua, au hubaki kwenye mfuko wa suruali iliyofuliwa.

Mpe mtoto daftari moja na umwachie kazi hiyo. Aandike tarehe, idadi ya magunia, kilo zilizopimwa nyumbani kama mzani upo, kilo zilizoandikwa kwenye risiti, na aliyepeleka mzigo. Mwanzoni atasahau tarehe. Wiki ya pili ataandika “magunia mengi”, na hapo umuulize: mengi ni mangapi? Atarudi kuhesabu.

Daftari litundikwe msumarini, mahali ambapo kuku hawafiki. Siku malipo yakitoka, mtoto asome kwa sauti, mzazi akilinganisha na risiti, mstari kwa mstari. Kukiwa na tofauti, mzazi anakwenda kuuliza akiwa na daftari mkononi.